Uji wa Bi Unga

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Unga alisimama kwenye mdomo wa mashine ya kusaga nafaka, ndoo mkononi, kitambaa kimefunika pua. Jioni alirudi nyumbani kope zote nyeupe, kama mtu aliyezeekea njiani. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Kwa wateja alikuwa Bi Unga, naye aliliitikia bila kinyongo.

Kazi yake aliijua kwa ulimi. Mteja akimwaga mahindi kwenye debe, yeye huchota punje mbili, huzitia mdomoni, akazivunja kwa meno ya nyuma. Zikilia vizuri, anatikisa kichwa. Zisipolia, anamgeukia mwenyewe. "Haya hayajakauka, mama. Nikiyasaga leo, keshokutwa unga umeota ukungu, halafu mimi ndiye wa kusemwa sokoni." Siku moja alimkatalia mwanamume mmoja magunia sita kwa kuwa mahindi mapya yalichanganywa na ya zamani.

"Ulimi wako una macho, eti?" yule mwanamume akamwambia kwa hasira.

"Una na masikio," Bi Unga akajibu. "Nimesikia ulichonitukana pale mlangoni."

Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, alisimuliwa kisa hicho siku ileile alipoingia nyumba ile kama bi harusi, kisha akaambiwa ndiye atakayepika. Siku tatu za kwanza Bi Unga alikula kimya. Ya nne akaweka kijiko chini na kusema, "Chumvi yako ina adabu." Tangu hapo, akialikwa popote, anagusagusa tu. "Mimi siku hizi nakula mkono wa mke wa mwanangu," anawaambia watu mbele yake, na binti wa watu anatazama chini ili wasimwone anavyocheka.

Kisha ukaja uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Ukakatwa, na daktari akasema zitafuata dripu sita za dawa ya saratani, kila moja baada ya wiki tatu. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, safari zake za siku kumi kumi, kwa hiyo aliyempeleka hospitali ni mkamwana, na mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa na miezi tisa, na kwa mashavu yake hakuna aliyemwita jina jingine isipokuwa Kibonge.

Dripu ya kwanza ilileta uchovu ambao nyumba ile haikuwahi kuuona. Mwanamke aliyekuwa anabeba debe kichwani na jingine mkononi, sasa alipumzika kati ya kitanda na mlango. Mkamwana akamwekea kigoda hapo katikati, kama kituo. Asubuhi moja alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja kipo mguuni, cha pili anakitazama tu pale sakafuni.

"Nikuvalishe, Mama?"

"Subiri. Nakifikiria kwanza."

Wakacheka. Lakini mkamwana alipokwenda jikoni hakucheka tena.

Yeye uchovu aliujua mara moja tu maishani, alipokuwa na mimba ya Kibonge. Alikuwa akiinama kufagia anaona giza. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito akampa vidonge vyekundu vya kuongeza damu na vya vitamini, na wiki mbili hazikwisha akawa anabeba ndoo yake mwenyewe. Vingine vilibaki juu ya kabati. Akavishusha, akavitazama, akajiambia: mwili ni mwili. Akampa Bi Unga kimoja kimoja baada ya chakula.

Siku ya tano Bi Unga alijiogesha mwenyewe, akatoka nje, akaketi juani akachambua maharage. "Leo nimeamka mtu," alisema.

Neno hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Mkamwana hakujua kwamba wiki ya tatu baada ya dripu mwili hujiinua wenyewe kidogo, kabla ya kuangushwa tena. Aliona vidonge, akaona mtu ameamka, akaunganisha.

Dripu ya pili ikaurudisha uchovu palepale. Wiki hiyo akaja kuwatembelea fundi wa mashine ya kusaga, mzee mwembamba mrefu waliyemwita Mkanda. Aliketi na kofia magotini.

"Bi Unga, mashine inakuulizia. Tangu uondoke inakohoa."

"Inakohoa kwa sababu hujaifuta vumbi, mvivu wewe."

"Mimi? Mimi nakonda kwa kazi!"

"Ulikuja duniani umekonda. Usiisingizie kazi."

Mkamwana alipomsindikiza, Mkanda alisimama nje ya mlango akashusha sauti. "Huyu amekwisha nguvu kabisa. Mnampa nini?"

"Vidonge vya vitamini. Kimoja kwa siku."

"Kimoja? Mwanangu, mashine ikishindwa kuvuta si unaongeza dizeli?"

Kesho yake mkamwana alikwenda duka la dawa akaomba vya kuongeza nguvu, vile vikali kabisa. Muuzaji hakuuliza ni vya nani, naye hakusema. Akatoka na chupa ya vidonge vikubwa vya njano, pamoja na vyekundu vingine. Akawa anampa viwili vya njano na viwili vyekundu, asubuhi na jioni.

Bi Unga alivumilia siku nne. "Basi, mwanangu," akasema siku ya tano, akausukuma mkono wake taratibu. "Tumbo linachafuka. Nikigeuka kitandani nasikia vinagongana. Niachie uji wangu tu. Uji hauna ugomvi na mimi."

"Sawa, Mama."

Alisema sawa, na kweli alikusudia. Lakini mchana ule Bi Unga alijaribu kumpakata Kibonge, na mikono ikashindwa. Mtoto aliteleza hadi mapajani. Bi Unga akamshika nguo asianguke, akageuza uso ukutani. Jioni mkamwana akafunga mlango wa jikoni, akaweka vidonge vinne kwenye kibao, akavisaga kwa kitako cha glasi. Akavichekecha. Akavikoroga kwenye uji wa mtama, ambao kwa rangi yake ya udongo huficha mambo mengi.

Akakaa anatazama kijiko kinavyopanda. Bi Unga alikula, akakunja uso kidogo.

"Kinywa changu kina ladha ya msumari."

"Si muuguzi alisema dripu inaharibu kinywa?"

"Alisema, kweli," Bi Unga akakubali, akaendelea kula.

Mkamwana akaongeza sukari. Ikawa hivyo asubuhi na jioni, mwezi mzima, na dripu ya tatu ikapita humo katikati.

Siku ya dripu ya nne Bi Unga alipimwa damu kwanza, kama kawaida, kisha wakaitwa chumbani kwa daktari badala ya chumba cha dripu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani aliyoipandisha kichwani na kuisahau. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Mama, leo sitakupa dripu. Vipimo vya ini vimepanda sana. Nyumbani kuna kitu kingine unatumia? Mizizi, vidonge vya dukani, chochote?"

"Hakuna, daktari. Vilikuwepo vya vitamini, nikavikataa mwezi uliopita." Akampiga mkamwana goti kwa kiganja, polepole, kama mtu anayeonyesha mali yake. "Siku hizi nakula mkono wa huyu tu."

Daktari akachukua kalamu. "Basi lazima niseme ni dawa ya dripu yenyewe. Mwili wako umeikataa. Nitaiondoa, tutumie nyingine. Siwezi kukudanganya, mama, hiyo nyingine haina nguvu kama hii. Lakini ini ndilo linaloamua."

Kalamu ikaanza kutembea. Kibonge alikuwa anavuta mkufu shingoni mwa mama yake, na mama yake hakumzuia. Alitazama ile kalamu. Akinyamaza, ataendelea kuwa mkono unaoliwa, na Bi Unga atanyang'anywa dawa kwa kosa lisilo lake. Akisema, basi.

"Daktari," akasema. Sauti ilitoka ndogo mno, akairudia. "Daktari, usiandike. Vipo kwenye uji."

Kalamu ikasimama.

"Nini kipo kwenye uji?"

"Vidonge. Vya vitamini na vya damu. Nilivisaga. Vinne asubuhi, vinne jioni."

Bi Unga alimgeukia taratibu, kama shingo nayo imechoka. "Uji upi?"

"Uji wako, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema basi."

Alitegemea kupigwa kelele, na angeshukuru. Bi Unga akamwambia daktari, si yeye, "Mimi nilikuwa naonja punje mbili za mahindi, nakwambia yamelala ghalani miezi mingapi. Punje mbili tu, daktari."

"Mama, nadhani alikusudia mema—"

"Simsemi yeye." Akagusa midomo yake kwa vidole. "Nimekula vidonge mwezi mzima nisijue. Mimi!"

Daktari akaishusha miwani, akaivaa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya upole lakini haikupamba kitu. Vidonge vikali kwa wingi ule vinaweza kuumiza ini. Dawa ya dripu nayo inaweza. Vikiwa pamoja, hakuna awezaye kujua ni kipi. Waache kila kitu, warudi baada ya wiki mbili, ndipo ataamua kuhusu dawa. "Na damu yake tunaipima kila mara. Ikipungua kitu, nitampa mwenyewe, kwa kipimo. Uchovu huu hautokani na kukosa vitamini. Ni ugonjwa, ni dawa, ni mwili unavyopigana."

"Sasa mimi nimpe nini?" mkamwana akauliza.

"Akilala, mwache alale. Akiweza kutembea kidogo, tembea naye. Akikataa chakula, usishindane naye."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Asubuhi yake mkamwana alileta uji, mtupu, bila hata sukari ya ziada. Bi Unga hakunyoosha mkono.

"Anza wewe."

Mkamwana akala kijiko kimoja. Bi Unga alimtazama koo mpaka alipomeza, ndipo akapokea bakuli. Jioni ikawa hivyo. Kesho hivyo. Siku kumi na nne, mara mbili kwa siku, yule ambaye mkono wake ulisifiwa kwa watu alionja mbele ya macho yale. Kibonge akadhani ni mchezo, naye akawa anaachama akingoja zamu yake.

Mume alipopiga simu kutoka safarini aliuliza kama mama anakula.

"Anakula."

"Mpe niongee naye," mume akasema. Bi Unga akaishika simu. "Mwanangu, mimi mzima. Siku hizi nimekuwa mfalme, mkeo ananionjea kabla sijala." Mume akacheka sana huko aliko. Mkamwana alikuwa anakunja nepi, akaikunja ileile mara tatu.

Katika wiki ya pili Bi Unga aliongeza neno. "Anza wewe. Una ladha gani?" Mara ya kwanza mkamwana alijibu kama aliye mahakamani. "Mtama, Mama. Na maji. Na sukari kidogo." Lakini lile swali lilirudi kila siku, na polepole akagundua kwamba anayeuliza anataka kweli kujua. Akaanza kueleza vizuri zaidi. Leo umeiva kupita kiasi. Leo una uchachu kidogo, wa kupendeza. Bi Unga alikuwa anasikiliza, kijiko mdomoni, haambulii ladha yoyote.

Waliporudi hospitali vipimo vya ini vilikuwa vimeshuka. Daktari akaagiza dawa ileile ya mwanzo, na mkamwana akalia pale kwenye benchi, nusu kwa furaha na nusu kwa aibu, hadi mgonjwa wa pembeni akampa leso.

Siku ya tatu baada ya dripu, uchovu ukarudi. Ulirudi kamili, mzito kuliko wa kwanza, na safari hii hakukuwa na kidonge cha kusimama mbele yake. Mchana mkamwana aliingia na bakuli, akachota kijiko ili aanze.

"Acha," Bi Unga akasema. "Hakuna haja tena."

"Utakula, Mama?"

"Siwezi."

Maneno yote yalimjia mkamwana mdomoni: kidogo tu, jitahidi, kwa ajili ya mwanao. Akayameza. Akaweka bakuli sakafuni, mbali na mikono ya Kibonge, akainuka atoke.

"Kaa."

Akakaa. Kisha akajilaza pembeni mwa kitanda, mtoto katikati yao. Nje watu walikuwa wanapita, wanasalimiana.

"Ulikuwa unaogopa, ndiyo maana ukaniwekea."

"Ndiyo, Mama."

"Na sasa?"

"Bado naogopa."

Mkono wa Bi Unga ulipita juu ya mtoto, ukatafuta, ukamfikia mkamwana begani. Haukuwa na nguvu ya kushika, ukalala tu pale.

"Mimi pia," akasema.