Mama Aliyelijua Neno "Unfortunately"

Wiki jana, katika hospitali moja hapa Embu, nikingoja kumwona mgonjwa wangu, nilikaa benchi moja na mama mzee wa upande wa Manyatta na binti yake. Alikuwa amepakata thamosi ya uji wa mumewe aliyelazwa. Daktari akatoka wodini, akampita mama, akamwambia yule binti kwa Kiingereza: "Unfortunately..." Mengine aliyasema kwa sauti ya chini.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Ati tungoje kidogo, mama."

"Usinidanganye. Hilo neno nalijua. Dada yangu akiwa hapa walilisema, tukarudi nyumbani na jeneza."

Binti akainamisha kichwa. Mama akanigeukia, akaniwekea thamosi mapajani.

"Mpelekee mgonjwa wako. Uji bado uko moto."

Sisi tuliosoma, habari mbaya ikifika tunakimbilia Kiingereza, eti wazee wasiumie. Kumbe tumekuwa tukiwafundisha, na somo limeingia.

Nilifungua mdomo nimpe pole ya nyumbani, ya Kiembu. Ikatoka "Sorry".

Akaitikia kwa kichwa. Hilo pia alikuwa analijua.