Felista Alikuwa Anaangalia Mwanga

Jamani, kichwa changu kimekataa kabisa. Juzi tumemzika Felista kwao Matombo, na leo asubuhi nimeamka nikamtumia meseji kumuuliza tunatoka saa ngapi.

Imekaa tiki moja. Mpaka naandika hapa bado ni tiki moja.

Wengi wenu mnamjua kama yule mama mkwe katili wa kwenye TV. Alipewa hiyo nafasi akiwa na miaka ishirini na tisa, akaicheza mpaka muuza nyanya wa Mwembesongo akagoma kumuuzia. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu, anacheka, anasema hiyo ndiyo tuzo yake.

Mimi nilikuwa cameraman wake kwa miaka kumi na moja. Na nilikuwa mtani wake: yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi wa Tabora. Sidhani kama aliwahi kuniita jina langu.

"Beba, mpagazi," ananiambia, huku ananitwika kamera, tripod na betri zote. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe kimguu hiki cha kamera kinakutoa jasho?"

Michezo yake ya jukwaani aliiandika kwenye daftari la shule, kwenye banda la mama lishe mmoja jirani yetu. Akimaliza ukurasa anamsomea. Mama akiendelea kukoroga ugali bila kugeuka, Felista anauchana ukurasa. Kuna script moja aliichana mara tisa.

Na zile documentary alizoongoza za bibi wa milimani, zile mlizokuwa mnaniuliza tumewezaje kuwafanya wazungumze vile. Hatukuwafanya chochote. Tukifika Kinole, Felista anapiga shikamoo, anaomba jembe, analima nao. Nami nimekatazwa kuwasha kamera.

Nilikuwa nanung'unika, maana siku inaisha na mvua ya huko haina adabu. Mpaka bibi mwenyewe aulize, "Hiyo mashine yenu imekufa?" Hapo ndipo Felista ananikonyeza.

Ila na mimi nilijua pa kumpatia. Huyu binti wa milimani alikuwa hawezi kupanda mlima.

Kila tukifika katikati ya mwinuko anasimama, anaweka kiganja juu ya macho, anatazama angani. "Subirini kwanza. Naangalia mwanga."

Mwanga gani, saa saba mchana, jua la utosi? Crew nzima tulijua amechoka. Nilimwita Mluguru wa tambarare. Nilimwigiza mbele za watu, kiganja usoni, pumzi juu juu, naye anacheka mpaka anakaa chini.

Siku moja tulitoka kwenye msiba wa jirani, akaniambia, "Siku yangu usije ukajilizaliza pale. Wewe ni mtani, una kazi. Wachekeshe watu wangu." Nikamwambia atanizika yeye, Waluguru hawafi, wanakula ndizi tu. Tukaachia hapo.

Nilipofika msibani, mama yake alinivuta pembeni. Akaniambia moyo wa Felista ulikuwa mbovu, na mwenyewe alijua kwa miaka minne.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Alisema ukijua utamhurumia," mama akanijibu. "Na mtani akishakuhurumia, hakuna utani tena hapo."

Miaka minne nimemwigiza mgonjwa mbele za watu, nikajiona fundi. Na utani wangu wote juu yake ulikuwa ni huo. Sikuwa na mwingine wa kumpeleka nao kaburini.

Siku ya mazishi gari lilikwama kwenye tope chini ya kilima, jeneza tukalipandisha kwa mabega. Nilishika mbele, kushoto. Mjomba wake mkubwa akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Mtani, mbona kimya? Umekuja kubeba tu?"

Nilikuwa nalia, jambo alilonikataza Felista.

Tulipofika katikati ya mwinuko wenzangu pumzi ziliwaishia, na mimi yangu ilishakwisha zamani. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Tuweke chini kidogo. Dairekta anaangalia mwanga."

Wale wa crew waliinamisha vichwa. Nilitamani lile tope linimeze.

Mama yake alikuwa nyuma yetu, ameshikiliwa na dada zake wawili. Akajitoa mikononi mwao. Akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kule juu kwenye ukungu, vilevile, vilevile kabisa kama mwanawe. Kisha akacheka. Alicheka machozi yanamtoka, na msiba mzima ukacheka naye.

Akashusha mkono. "Haya, mpagazi. Mwanga umeshakaa vizuri. Mbebe mwenzio."

Nikakubeba, Felista. Nikakufikisha juu.

Zile picha za mwisho za Kinole ninazo hapa, nitazimalizia, ingawa sijui nani atanikataza kuwasha kamera. Na kila nikipanda ule mlima nitasimama katikati, hata kama sijachoka, niweke kiganja usoni kidogo.

Kazi uliyonipa niliifanya. Ila nililia, tena sana, mbele ya Waluguru wote. Nasubiri unitukane, na ninavyozitamani hizo kelele zako.

Lala unono, mtani wangu. Mzigo nimeshautua.