Kuku wa Uhakiki

Kila baada ya miezi kadhaa serikali hutaka kujua kama bado sisi ni maskini. Sisemi kwa kejeli. Hilo ndilo swali lenyewe, ingawa wao huliita uhakiki. Mafuriko yalipolala kwenye shamba letu la kando ya mto, huku kwetu kati ya Hewani na Minjila, yakaondoka na migomba na mahindi, tuliandikishwa kupata chakula: mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia, ambavyo tunavifuata mjini Garsen. Kuandikishwa ni mara moja, kuhakikiwa hakuishi. Wanakuja vijana wawili na tableti, wanatazama paa, wanachungulia jikoni, wanauliza jana mlikula nini. Baadaye majina yanasomwa kwa chifu. Ukisikia lako, unakula. Usipolisikia, shauri yako.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama na wanangu baada ya ndoa kunishinda, kwa hiyo midomo mingi katika nyumba ile ilikuwa yangu. Mama ana presha, na dawa yake haitaki tumbo tupu. Mpunga tulioupanda upya maji yalipopungua ulikuwa haujafika hata magotini. Mpaka tuuvune, tulikuwa hatuna kingine ila lile gunia la Garsen.

Mzee wa kijiji alipopita kutuarifu kwamba wahakiki wanakuja wiki ile, nilikaa na mama jikoni nikamwambia, "Mama, wakija, usipike."

"Mgeni aje kwangu aondoke na njaa?"

"Hiyo njaa ndiyo wanayokuja kuiona. Ndiyo kazi yao."

"Basi wakaione kwa wengine."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno tu, tena nilikuwa na uhakika, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na cha kupika.

Ningepaswa kumjua zaidi. Kwetu mtu akikuuliza umekula nini, huwezi kumjibu kwamba hukula. Unasema, "Tumekula, tunashukuru," hata kama sufuria imekauka tangu juzi, kwa sababu ukimwambia mgeni huna chakula umemwomba, na ukimwomba umemfukuza. Nilipokuwa mdogo, mwaka mmoja wa ukame, mama alikuwa akitupaka mafuta midomoni asubuhi kabla ya shule ili tuonekane tumetoka kula. Mafuta yenyewe yalikuwa ya nazi, yale ya kuwashia taa ya kanisani, aliyopewa kidogo kwa kufagia. Nakumbuka nilivyojilamba njiani, na nilivyogombezwa kwa kujilamba.

Siku waliyokuja, mimi nilikuwa nimekwenda mabwawani kuchimba mizizi ya yungiyungi. Huo ndio uliokuwa mlo wetu: unaichimba kwenye tope, unaiosha, unaichemsha mpaka ilainike, na bado ina ladha ya mahali ilikotoka. Nilikuwa narudi na beseni kichwani, tope mpaka mapajani, nikasikia harufu ya tui la nazi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba jirani ana bahati. Kisha nikaona pikipiki ya serikali imeegeshwa mlangoni kwetu.

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka mzuri, kijana wa kiume na binti, na kati yao sinia ya wali. Juu ya wali kulikuwa na kuku. Ninamwita kuku kana kwamba tulikuwa nao wengi. Alikuwa mmoja tu, tena alikuwa akiatamia kwenye kikapu kibovu nyuma ya mlango, na sisi sote tulikuwa tukitembea taratibu katika chumba kile ili tusimtishe. Mama alikuwa amemtoa juu ya mayai yake akamchinjisha. Mchele, nazi na vikombe vyenye maua vilitoka kwa jirani yetu. Watoto wangu walikuwa wamepelekwa mbali, kule kwenye uzio, kwa kuwa mtoto hasimami mbele ya mgeni anayekula. Kwa hiyo watu waliotumwa na serikali kutazama njaa hawakuona hata mtoto mmoja akimeza mate.

Na mimi, mwalimu wa mama yangu, nilifanya nini? Nililificha beseni langu nyuma ya choo. Nikanawa miguu, nikajifunga leso safi, ndipo nikaingia kuwaamkia.

"Mama, jana mlikula nini?" binti aliuliza, kidole kikiwa tayari juu ya tableti.

"Tulikula, mwanangu. Tunashukuru."

"Na mifugo je?"

"Kuku hawakosekani," alisema mama, na kumsogezea paja.

Ningeweza kusema. Lakini ulimi wangu ulilelewa na mama huyo huyo, na sikuwahi kumkanusha mbele ya mgeni. Nilikaa nikiwaongezea mchuzi. Walipoondoka nilimfokea mpaka watoto wakanyamaza. Yeye alikuwa akikusanya mifupa kwenye sinia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, na nilitamani kuivunja ile sinia. Mayai tuliyachemsha. Mengine yalikuwa yameshaanza kuwa vifaranga, nikayazika.

Majina yaliposomwa, letu halikuwemo. Mama alisimama pale kwa chifu hadi msomaji akafunga karatasi zake, kisha akanishika mkono tukaenda nyumbani kama watu waliotoka kununua chumvi. Siku zilizofuata alikuwa akimeza dawa yake kwa maji ya mizizi. Mara mbili nilimkuta ameketi chini karibu na mtungi, akisema anapumzika tu. Mwanangu mdogo aliacha kucheza. Huo haukuwa utulivu, maana mtoto yule hajawahi kuwa mtulivu maishani mwake.

Chifu alitangaza baraza la walioachwa nje ya orodha. Mwenye malalamiko asimame ajieleze mbele ya watu, na watu waseme kama ni kweli. Njiani nilimwambia mama kwamba nitasema yote. Akaongeza mwendo. Nikamwambia, "Mficha uchi hazai."

"Mimi nilishazaa," alisema. "Nilikuzaa wewe."

Ilipofika zamu yetu, yule binti aliangalia tableti yake. Hakuwa na ubaya wowote. Alisema, "Nyumba hii tuliikuta iko sawa. Tulikaribishwa wali na kuku. Kusema kweli, mimi sijala vizuri hivyo tangu nihamie Garsen."

Watu walicheka kwa wema, na mama akatabasamu. Naapa alifurahi. Alikuwa amevaa leso yake ya sikukuu, akainamisha kichwa kidogo kama anayepokea shukrani, na kwa muda ule mfupi sikuona mwanamke aliyeachwa. Niliona mwenyeji anayesifiwa.

Nikasimama. Nilisema mchele haukuwa wetu. Nilisema kuku alikuwa wa mwisho na alitolewa juu ya mayai. Nilisema tunakula mizizi ya yungiyungi, na kwamba hata hiyo mama huila baada ya watoto, ikibaki. Nilisema anaanguka. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilihisi nikiacha sasa nitashindwa kuanza tena, basi niliendelea hadi nikataja mafuta ya midomoni, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza.

"Mchele ulikuwa wangu," jirani yetu alisema kwa sauti ya chini. "Na vikombe."

Hakuna aliyecheka. Yule binti alifunga tableti yake, akasema, "Pole, mama. Hatukujua." Mama alikuwa amevuta leso mpaka machoni. Jina letu lilirudishwa pale pale, na watu wakapisha njia tulipotoka, wakitutazama kwa huruma ile ambayo mama alikuwa ameikimbia miaka yote ya maisha yake. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nilikuwa nimeshinda, na sikuweza kumtazama.

Tulipokaribia nyumbani alisema, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Watoto watakula, mama."

"Watakula," alisema. "Sijakataa."

Gunia lilikuja. Tulikula, presha ya mama ikashuka, mwanangu mdogo akarudia fujo zake. Kuhusu siku ile hatukuongea. Kitu kimoja tu kilibadilika: vile vikombe vya maua, ambavyo mama alikuwa akiviazima kila mgeni alipokuja, hakwenda kuviazima tena. Mgeni akija alimpa maji kwenye kikombe cha plastiki, na kumwomba radhi.

Kisha muda ukapita, wakaja tena kuhakiki. Mpunga ulikuwa unaanza kutoa masuke, lakini suke si wali, na mwezi ule bado tulilihitaji gunia. Safari hii nilikuwepo. Mama alikuwa ameketi mkekani akichambua mboga, na mimi nilikuwa mafigani napuliza moto. Tulisikia pikipiki ikizimwa, kisha sauti ya binti yule yule mlangoni.

"Hodi."

Maisha yangu yote sijasikia neno hilo likae hewani nyumbani kwetu. Mama alikuwa akilijibu kabla halijakamilika. Lilikaa. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mboga.

"Hodi hapa."

Mama aligeuka akanitazama, kama mtoto anayeomba ruhusa. Midomo yake ilikuwa tayari imeanza kulifanya lile neno, "Karibu."

Nikatikisa kichwa. Akaufumba mdomo, akarudi kuchambua mboga zake, na mimi nikaenda kufungua mlango.