Ukili wa Karatasi

Msichana akija kwangu kujifunza kupanga kurasa za tovuti, siku ya kwanza simkalishi kwenye kompyuta. Nafungua kabati, natoa karatasi ndefu nyembamba niliyoiviringa, namkunjulia mezani. Wengi hucheka. Nawaacha wacheke, ingawa mimi siku ilipotengenezwa nilikuwa nalia.

Ile ni kazi ya bibi yangu mzaa baba, Bibi Ashatu wa Mkange. Maisha yake yote alisuka mikeka. Akiwa na miyaa ya ukindu mkononi huwezi kumwita chakula, utajichosha bure. Shule hakwenda hata siku moja. Alisoma chuo cha Kurani tu, akahitimu, na msahafu aliusoma mpaka uzeeni kwa miwani iliyofungwa uzi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitengeneza kadi za harusi kwenye steshenari ya Shamsudin, hapa Bagamoyo mjini, na jioni akiniachia kompyuta najifunza tovuti kwa kutazama video. Akina mama wasukaji wa Mkange wakataka tovuti ya mikeka yao. Bibi akawaambia, "Saida wangu anaweza." Mwenyekiti wao, Bi Mina, hana maneno mengi. Akasema, "Alhamisi atuonyeshe kwenye simu zetu. Ikigoma, kazi tunampa fundi wa Dar." Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na bibi ndiye aliyenidhamini. Nikishindwa, aibu ni yake.

Jumatano nikafika Mkange na kompyuta ya mkononi niliyoazima kwa Shamsudin. Kwenye kompyuta ukurasa ulipendeza, wacha nijisifu. Safu tatu: kushoto picha za mikeka, katikati habari za kikundi, kulia majina ya wasukaji, la bibi likiwa la kwanza. Nikaufungua kwenye simu. Yarabi, safu zote tatu zimebanana, maandishi kama mayai ya chawa. Nikapunguza picha, nikapunguza herufi, ndiyo kwanza pakaharibika. Nina hasira za karibu, sifichi. Nikaitupa simu nikaanza kulia.

"Mke mwenza, nani kafa?" bibi akauliza, mikono yake ikiendelea kusuka.

"Niache, bibi. Ukurasa mpana, simu nyembamba. Naubana, hauingii."

"Kwani nani kakwambia uubane?"

Akaweka kazi chini, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Mkeka wa kitanda kikubwa ukitakiwa kwenye kitanda cha mtoto, mimi huukalia ukasinyaa? Nafumua mshono, nazitoa kili, nazipanga upya."

Ukili ndio ule utepe mrefu wanaousuka kwanza. Kili zikishonwa ubavu kwa ubavu, huo ndio mkeka. Mtoto mzima wa Mkange, nilikuwa nalijua hilo tangu sijaota meno.

Nilikuwa nimechapisha ukurasa ule kwenye karatasi, kwa ajili ya wazee wasio na simu. Bibi akauchukua, akaukata safu moja moja kwa mkasi, akaziunga moja chini ya nyingine kwa uji wa muhogo. Ukatoka utepe mmoja mrefu.

"Haya. Simu nyembamba, ukili mwembamba. Mtu atauvuta kwa kidole."

Nikafuta machozi nikakimbilia kompyuta. Lakini niliona na kitu kingine. Kipande cha mwisho, chenye majina, alikibandika kichwa chini. Herufi za shule hakuzijua. Sikumwambia, nilikuwa na haraka na kazi yangu.

Alhamisi Bi Mina akauvuta ukurasa kwa kidole, juu mpaka chini, taratibu. "Fundi wa Dar abaki Dar," akasema. Bibi akaomba simu. "Jina langu liko wapi?" Nikamwonyesha. Akasogeza miwani, akaangalia muda mrefu.

"Kumbe hili ndilo mimi," akasema, akanirudishia. Wote tukacheka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Alifariki miaka miwili baadaye. Siku ya hitima nikafungua msahafu wake. Ukurasa wa mwanzo, uliokuwa mweupe, ameandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni, kwa kalamu ya risasi. Liko katikati hasa, nafasi ya kushoto sawa na ya kulia. Kazi safi, mimi mpaka leo napima kwa kompyuta.

Alijua kuliandika jina lake. Na mimi, niliyekuwa najiita fundi wa kurasa, sikutumia hata dakika tano kumwekea kwa herufi anazozisoma. Sikumwuliza. Nilimwonyesha michoro asiyoijua, nikacheka.

Sasa mwandiko wake ule nimeupiga picha, nimeuweka chini kabisa ya ukurasa wa kikundi. Watu huuona wakishavuta mpaka mwisho. Wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini kipande kimoja cha karatasi kiko kichwa chini, nawaambia wakiache kama alivyokiweka mwenyewe. Halafu nawauliza swali ambalo mimi sikuliuliza: huyo unayemtengenezea, anasoma nini?