Mchunga Alioukana Mwanangu

Mwanangu ni muongo. Naandika hivyo nikiwa mama yake, na nikiwa mwalimu mstaafu niliyeshika chaki Kisarawe tangu usichana wangu, na sifuti hata neno moja.

Alinileta kwake Kibaha, huku Misugusugu, baada ya goti langu kugoma kupanda kilima cha kwetu. Nyumba yake ni nzuri, sikatai. Ila uwanja wote ameusakafia kwa vitofali, kuanzia getini hadi ukutani, hakuna pa kuchomeka hata kijiti. Nilimuuliza, "Baba, kisamvu utapanda wapi?" Akaniambia siku hizi mboga zinapita mlangoni na pikipiki.

Basi tukalima ndani, mimi na mjukuu wangu, binti wa miaka saba ninayemwita mke mwenzangu, maana ndivyo bibi na mjukuu wa kike tunavyotaniana. Tulichukua ndoo tano za rangi zilizobaki wakati wa ujenzi, nikazitoboa chini kwa msumari wa moto, tukazipanga kwenye dirisha la chumba changu linalopata jua la asubuhi. Udongo niliutoa Kisarawe, kiroba kizima. Kondakta aliponiuliza nimebeba nini, nikamwambia nimebeba shamba. Ndoo tatu tulitia mchicha, mbili tukafukia mizizi ya mchunga.

Mchunga ni mboga chungu ya porini. Majani yake yamechanikachanika pembeni, ukiyakata yanatoa maziwa. Unauchemsha, unamwaga maji ya kwanza, ndipo unautia nazi. Ukiwa bado kwenye ndoo, ni kweli, hauvutii macho. Mke mwenzangu alikuwa hali mboga ya aina yoyote, lakini huu aliumwagilia kila asubuhi kabla ya shule, kwa chupa iliyotobolewa kizibo, na aliuamkia shikamoo kwa kuwa nilimwambia umetoka kwa babu yake. Tulikubaliana kwamba Jumapili angeupika mwenyewe, mimi nikae kwenye kigoda nielekeze tu. Wiki nzima hakuwa na habari nyingine.

Ijumaa nilikwenda hospitali kuonyesha goti. Nilivyorudi mchana nikakuta ndoo mbili zina udongo mtupu, umesawazishwa vizuri kwa kiganja. Mke wa mwanangu, mtu wa Bara, mchapakazi asiyejua kukaa bure, akanipokea mkoba.

"Pole na safari, mama. Nimewapalilia ndoo zenu. Majani yalikuwa yameshajaa."

Sikumkasirikia. Kwao hawali mchunga, ningemlaumu kwa lipi? Nikamwambia taratibu kwamba ile ilikuwa mboga yetu ya Jumapili. Akashika kifua.

"Lakini mama, mimi nilisita. Nikapiga picha, nikamtumia mwanao kazini. Yeye ndiye aliyesema ning'oe."

Akanionyesha simu. Mwanangu alikuwa ameandika: *Ng'oa tu, hayo magugu.* Pembeni akaweka kikatuni kinachocheka.

Hapo damu ikanichemka. Asiujue mchunga yeye? Miaka ile mshahara ulipokuwa haufiki kwa wakati, mchunga ndio uliomlea. Alikuwa akiuchuma mwenyewe kando ya njia ya shule, akirudi anamaliza sahani yake kisha anaikodolea macho sahani ya dada yake. Leo ana meza na kiyoyozi katika ofisi ya kiwanda huko Zegereni, mchunga umekuwa magugu. Angesema haupendi, ningemwelewa. Angesema unamtia aibu mbele ya mkewe, ningemtukana yakaisha. Lakini aliukana kama mtu anayemkana shangazi yake njiani, na juu ya hayo akacheka.

Mtoto aliporudi shule alikwenda moja kwa moja dirishani, begi mgongoni. Mama yake akamweleza yote. Hakulia. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Bibi, baba amesema yale ni magugu. Kwa hiyo ulikuwa unanidanganya?"

Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia, "Subiri baba yako arudi."

Usiku ule tulikaa mezani wote wanne. Nilimwacha mwanangu anawe, nikamwacha apakuliwe wali.

"Baba, mwambie mwanao ile mboga inaitwaje."

"Mama, tule kwanza."

"Chakula hakikimbii. Inaitwaje?"

Akamtazama mkewe, kisha akatazama sahani. "Mchunga," akasema, kwa sauti ya chini.

"Umewahi kuula?"

"Nimeula sana, mama. Naomba yaishe."

Hayakuwa yameisha. Nilikuwa nimejipanga tangu mchana, nina maneno ya kumtosha mpaka Jumatatu. Mtoto akaniwahi. Alimgeukia baba yake, wala hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

"Sasa baba, kwa nini ulisema ni magugu?"

Mwanangu akanigeukia mimi. Mkewe akaacha kutafuna, akawa anamsubiri naye. Mimi nilikuwa na majibu matatu ya kumpa aponee, kama nilivyompa majibu utoto wake wote, na macho yake yalikuwa yananiomba hata moja. Nikajipakulia mchuzi, nikaanza kula.