Maneno ya Wilmar Yasiyoonekana

Doña Nubia ndiye aliyeeneza kwamba jirani yake Wilmar anazika maneno vichwani mwa kurasa za watu mtandaoni, maneno ambayo mteja hayaoni ila yanamvuta kama kafungwa kamba. Mji mzima wa San Jacinto ukaamini, na Wilmar hakukanusha. Mtu akikusifia uchawi usio nao, unakanusha ili upate nini?

Alikuwa amesoma kompyuta miezi mitatu jijini Barranquilla, akarudi na miwani. Maneno yale aliyaita meta tagi, na kila alipoyataja alishusha sauti kama yuko kanisani.

Yadira, jirani mwingine, alimwendea kwa ajili ya Salomé, bintiye aliyekuwa bado ananyonya. Bembea za kulalia alizofuma zilijaa ukutani, wanunuzi wa barabarani wamepungua, na shangazi yake wa Cartagena keshamtafutia kazi ya ndani, mradi mtoto abaki nyumbani. Kama bembea hazingeuzika kabla ya Krismasi, angepanda basi peke yake.

Basi mtaalamu akaingia kazini. Kichwani mwa ukurasa aliomfungulia Yadira akajaza bembea, bembea nzuri, bembea nafuu, kisha mpira, bahati nasibu na mapenzi, maana ndiyo watu wanayoyatafuta zaidi. Kwamba mitambo ya kutafutia iliacha zamani kujali orodha za namna hiyo, nadhani hilo lilifundishwa mwezi wa nne.

Simu ya kwanza ilitoka Sincelejo. Mama mmoja mpole aliuliza kama gari la maiti linafika hadi kwao. Wa pili akauliza bei ya jeneza. Yadira akalitafuta duka lake kwenye simu. Jina lilikuwa lake, lakini chini yake, pale penye maelezo mafupi ambayo mtu huyasoma kabla ya kufungua, paliandikwa: Majeneza, maua na gari la maiti. Tunafika haraka.

Wilmar alikuwa amekinakili kichwa kizima kutoka ukurasa aliomtengenezea don Abundio, mzishi wa mji, akabadilisha jina na kusahau maelezo.

“Jirani, wateja wangu wote wamefiwa,” Yadira alimwambia.

Wilmar akavua miwani, akasoma, akaivaa tena. “Lakini si wamepiga? Ina maana inafanya kazi.”

“Inamfanyia don Abundio.”

Wilmar akamuuliza basi aandike nini. Yadira, huku anambembeleza mtoto, akasema yale yale ambayo angemwambia mpita njia: bembea ya pamba, imefumwa kwa mkono San Jacinto, inabeba mama na mwanawe, rangi yake haichuji. Wilmar akaandika huku ananung'unika kwamba hapo hamna utaalamu wowote.

Kabla ya Krismasi, mwenye nyumba ya wageni huko Palomino akaagiza bembea za vyumba vyake vyote. Yadira akampigia shangazi kumshukuru, akamwambia kazi ile ampe mwingine.

Jioni hiyo Wilmar akabisha mlangoni, miwani ikiwa mfukoni.

“Yadira, don Abundio amekasirika. Nilipobadilisha maelezo yako, kwa bahati mbaya nikayabandika na kwake. Sasa anapigiwa na watu wanaotaka ile ya kubeba mama na mwanawe.” Akatazama barabarani, akashusha sauti. “Hebu niandikie na ya kwake, mama Salomé. Ila doña Nubia asijue.”