Mawe Arobaini na Moja ya Lum Sook Fun

"Mimi kisu hakinigusi! Nimezaa watoto watatu bila mshono hata mmoja, leo nipasuliwe kwa ajili ya vijiwe? Jumapili nitawaletea hapa hapa, mvihesabu wenyewe!"

Lum Sook Fun aliyasema hayo bustanini, mjini Ipoh, Malaysia, mbele ya kundi zima la mazoezi ya asubuhi, mikono ikiwa hewani kama anasukuma kabati. Wanawake ishirini na wawili walimsikia. Kwa midomo ile, ni sawa na kutangaza redioni.

Hospitali walikuwa wameshamwonyesha picha: mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari alisema mfuko utolewe, na maumivu yakirudi asikae nyumbani. Sook Fun aliikunja picha akaisukumia chini ya debe la sukari. Miaka thelathini na nne anauza tau fu fah, maziwa ya soya yaliyogandishwa laini na kumiminiwa shira, na hajawahi kufunga kibanda. Hata siku aliyomzika mumewe aliuza kwanza. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje akalale kitandani apunguzwe kiungo?

Dawa aliipata kwa Wai Kuen, kiongozi wa mazoezi, ambaye mawe yake themanini na sita aliyatunza kwenye chupa ya jemu ndani ya friji, kando ya mayai. Mgeni hapewi chai kabla hajayaona. Masharti yalikuwa haya: siku tano juisi ya matufaha, siku ya sita chumvi ya haluli, jioni yake mafuta ya zeituni na maji ya limau, kisha kulalia ubavu wa kulia, magoti kifuani, bila kutikisika.

"Ukigeuka tu, mawe yanapotea njia," Wai Kuen alionya.

"Kwani yana miguu?" aliuliza Pui San, binti yake Sook Fun.

"Nyamaza wewe! Ulikaa vibaya tumboni mwangu mpaka mkunga akakugeuza kwa mikono. Mkao ndio kila kitu."

Akalala amejikunja kama kamba aliyechemshwa. Asubuhi vikatoka vijiwe vya kijani, arobaini na moja. Akavisafisha, akavipanga kwenye sahani nyeupe, akaingia bustanini shingo juu.

"Arobaini na moja, mara ya kwanza tu! Dada, una kipaji!" alipaza sauti Wai Kuen.

Makofi yakapigwa. Sook Fun, kwa mazoea tu, akakibonyeza kimoja kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza tau fu fah ya ndoo ya kwanza kila alfajiri kujua kama imeshika. Kikabonyea. Cha pili nacho. Akanusa kidole: mafuta. Na vile vya pembeni, vilivyopigwa na jua, vilikuwa vinalegea na kuacha madoa kwenye sahani.

Chini ya mbavu palikuwa panamkata tena. Tangu alfajiri alikuwa anajidanganya kwamba ni uchovu. Angeweza kuifunika sahani akaondoka na sifa zake, na mawe yake halisi tumboni.

"Hivi si mawe," alisema, kwa sauti ile ile ya kujisifu.

"Dada Sook Fun, usikufuru!"

"Wai Kuen, nimeanza kugandisha kabla hujajua kuvaa raba. Unatia chumvi kwenye maziwa ya soya, unayaacha yatulie, yanashika. Nimekunywa mafuta na limau juu ya chumvi, nikatulia usiku kucha. Hii nimeipika mwenyewe tumboni! Na mawe yako ni mafuta haya haya."

"Yangu ni magumu!"

"Si yamo kwenye friji! Hata siagi ni ngumu humo."

Kicheko kilianzia nyuma kikafika mbele. Wai Kuen peke yake hakucheka.

"Pui San, washa gari," alisema Sook Fun, ameushika ubavu. "Sahani nakwenda nayo."

Hospitalini, daktari kijana aliitazama ile sahani, akakiri ni mafuta yaliyoganda.

"Umejuaje, mama?"

"Wewe umesoma miaka mingapi?"

"Sita."

"Basi ongeza ishirini na minane, tutaongea."

Safari hii kisu alikikubali, na daktari akamtoa mfuko ukiwa na mawe matatu ya kahawia, magumu kweli. Kibanda kilifungwa siku kumi na mbili, na wateja wote wakarudi. Siku hizi anayemuuliza habari za mafuta ya zeituni anaelekezwa hospitali ya serikali, na bei anapewa bila kuiuliza. Kitanda cha daraja la tatu ni ringgit tatu tu kwa siku.